Sura ya Nne: Mshipi Mbele ya Meno

Kamba hukatikia pembamba, walisema wahenga, na kwa habari ya kuvuta hawakukosea. Ukifunga jiwe la kilo 20 kwenye mshipi wa kilo 10, utakatika pale ulipodhoofika: kwenye fundo lililofungwa vibaya, au mahali ulipokwaruzwa na mwamba. Majini, hata hivyo, kuna mkato ambao methali haikuugusa. Mshipi mnene, wa kubeba kilo 50, unarudi mikononi mwepesi, ncha yake imekatwa safi, na kabla ya hapo hukuhisi mvuto wa hata kilo mbili. Mvutano haukuhusika hapo. Yaliyohusika ni meno.

Sura hii ni ya mvuvi anayemtafuta samaki mmoja katika maji anamoishi mwingine mwenye meno ya kukata. Mtu wa Lushoto, kwenye milima ya Usambara Magharibi, hakukua na tatizo hilo. Katika vijito vinavyotoka msitu wa Magamba, kijana huvua kwa mwanzi, uzi mwembamba na mnyoo, na kwenye mabwawa ya perege yaliyochimbwa mabondeni hakuna kiumbe cha kukata nailoni. Tatizo linaanza anaposhuka. Barabara inapita Soni, inateremka hadi Mombo, kisha Korogwe, Segera, Muheza na mwisho Tanga. Kwa njia hiyo mboga zinashuka na samaki wanapanda, na mtu wa milimani aliyezoea kumla papa wa ng'onda siku moja hutaka kujaribu kumvua mwenyewe. Akifika pwani na mshipi wa kwao, atarudi na hadithi tu.

Hoja yangu ni moja, na sura yote itaizunguka: usichague mshipi kwa kumtazama samaki unayemtaka peke yake. Watazame majirani zake.

Midomo ya aina mbili

Tuanze na samaki anayetafutwa. Wavuvi wa burudani duniani wanamsifu sana samaki wa Kimarekani aitwaye bass. Kwetu Afrika Mashariki anajulikana zaidi Ziwa Naivasha, Kenya, alikopandikizwa mwaka 1929 kutoka Marekani. Ana mdomo mpana, hujificha kwenye majani au nyuma ya kisiki, na hushambulia kwa kufungua kinywa ghafla: maji yanaingia kwa nguvu na kuvuta windo ndani. Hali kwa kukata. Analimeza zima.

Ukiwatazama samaki wetu utawaona ndugu zake wa tabia, japo si wa ukoo mmoja. Sangara wa Ziwa Viktoria anawinda hivyo hivyo. Chewa wa miamba ya Tanga na Pangani naye anakaa pangoni, anangoja, anafungua kinywa, anafunga. Kambare wa Mto Mkomazi na Mto Pangani ana kinywa kipana na tabia ya kumeza. Mshike samaki wa namna hii kwa kidole gumba ndani ya mdomo wa chini utahisi ukwaruzo wa msasa, kwa sababu meno yake ni madogo, mengi na yamebanana. Kazi ya meno hayo ni kushika windo lisiteleze.

Kinywa cha aina hii kinaharibu mshipi kwa kuusugua. Samaki anapotikisa kichwa mara kadhaa, nailoni iliyo mdomoni inachubuka kidogo kidogo, inafifia rangi, kisha inakatika. Dawa yake ni unene: nailoni nene ina nyama ya kuchubuliwa kabla ya kufikia kiini. Sangara anaongeza hatari nyingine, nayo ni vifuniko vya matamvua vyenye kingo kali, zinazoweza kuukata mshipi uliokazwa juu yake. Chewa anaongeza mwamba: akishikwa tu anageuka kurudi pangoni, na mshipi unasugua jiwe na matumbawe. Bado ni habari ya kusugua, na bado unene na ugumu wa ngozi ya mshipi vinasaidia.

Kinywa cha pili ni kingine kabisa. Nguru, samaki wa mwendo kasi anayeweza kupita urefu wa mita mbili, ana meno bapa ya pembetatu yaliyopangwa mstari mmoja juu na chini. Mzia ana meno marefu mbele na mengine makali kandoni. Papa ana safu nyuma ya safu. Hawa hawamezi kwanza. Nguru huja kwa kasi, hukata mkia wa windo, hupita, kisha hugeuka kuokota kilichobaki. Meno yake yakikutana na nailoni iliyokazwa, unene haukupi muda wa maana. Mkwaruzo mdogo kwenye uzi uliovutwa sana unapanuka wenyewe, maana mvutano wote unakimbilia kwenye jeraha.

Hapo ndipo hesabu ya dukani inapotupotosha. Kilo zilizoandikwa kwenye kibandiko ni kipimo cha kuvuta, na hazisemi lolote kuhusu kukatwa. Mshipi wa kilo 50 na wa kilo 20 wa aina moja, mbele ya meno ya nguru, inatofautiana kwa kitambo kidogo mno.

Ramani ya meno

Mvuvi mwenye busara huchora kichwani mwake ramani ya maji yenye meno na maji yasiyo nayo. Ramani ya Afrika Mashariki ina mafunzo mazuri.

Mchukue sangara. Asili yake katika bonde la Naili ni chini ya maporomoko ya Murchison, Uganda, pamoja na Ziwa Albert. Huko anaishi na samaki mwingine mkali wa jenasi ya Hydrocynus, mwenye mwili wa fedha na milia, na meno marefu ya kuchongoka yanayopishana na kuonekana nje hata kinywa kikiwa kimefungwa. Meno hayo yakichakaa yanang'oka na kuota mengine. Maporomoko ya Murchison yaliwazuia wote wawili kupanda juu kwa maelfu ya miaka. Kisha, miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, sangara alipandikizwa Ziwa Viktoria na Ziwa Kyoga kwa mkono wa binadamu. Mwenye meno hakuletwa.

Matokeo yake ni samaki mmoja katika maji ya aina mbili. Mvuvi wa Mwanza anayemtaka sangara kwa ndoana anahitaji nailoni nene mwishoni mwa mshipi, basi. Mvuvi wa chini ya Murchison anamtaka sangara yuleyule, kwa chambo kilekile, lakini akifunga nailoni tupu atapoteza ndoana kwa samaki ambaye hakumwalika. Sangara habadiliki, waliobadilika ni majirani.

Tanzania nayo imegawanyika. Ziwa Tanganyika lina jamaa wa sangara, wakiwemo wale wanaoitwa huko sangala na nonzi, na humo humo mna Hydrocynus. Mto Rufiji na Mto Ruvu wana wao pia, na spishi ya mito hiyo ilipewa jina la kisayansi Hydrocynus tanzaniae mwaka 1986. Vijito vya Kilombero vinavyolisha Rufiji, hasa Mnyera na Ruhudji, vimewavuta wavuvi wa burudani kutoka ng'ambo kwa ajili ya samaki huyo. Anayekwenda huko bila waya amekwenda kutalii.

Sasa rudi kwetu. Maji ya Usambara Magharibi yanakwenda pande mbili: mengine yanaingia Mkomazi na Lwengera, kisha Mto Pangani, mengine yanashuka kaskazini na mashariki kuelekea Mto Umba. Samaki yule wa meno ya kupishana hayumo katika mfumo wa Pangani. Kuanzia Nyumba ya Mungu, bwawa lililojengwa miaka ya 1960, kupitia Korogwe hadi mitambo ya umeme ya Hale na Pangani, utakutana na perege, kambare na mkunga wa mtoni. Hakuna hata mmoja anayestahili waya. Mamba wapo, na meno yao ni mengine. Dawa ya mamba haiuzwi kwenye duka la mishipi: kaa mbali na ukingo, usioshee samaki penye maji ya kina, usisimame ndani ya mto.

Mabadiliko yanakuja pale Pangani inapokutana na bahari, kwenye mikoko na maji ya chumvi. Kuanzia hapo, na kandokando ya pwani yote kwenda Tanga hadi Jasini, chewa, changu na kolekole wanaishi mtaa mmoja na nguru, mzia na papa. Humo pia kuna wakataji ambao watu hawawafikirii: bunju na kikande. Bunju ana meno manne yaliyoungana kuwa mdomo mgumu wa kuvunjia kaa na kome, na nailoni kwake si kazi. Ukivuta mshipi ukakuta umekatwa bila mshtuko wowote, chambo hakipo na ndoana haipo, mshuku bunju kabla hujamsingizia papa. Akinaswa, usimpeleke jikoni. Sumu yake inaua, na haiondoki kwa kupikwa.

Uzi wa aina nne

Dukani utakutana na vitu vinne.

Wa kwanza ni nailoni ya uzi mmoja. Ilitangazwa na kampuni ya DuPont ya Marekani mwaka 1938, na ndani ya muda mfupi ilikuwa majini. Kabla yake mishipi ilikuwa ya pamba, kitani au hariri, na kila jioni ilianikwa ikauke isioze. Kwa watu wa Tanga plastiki ilileta neema na hasara kwa pamoja: nyuzi zake zilimrahisishia mvuvi kazi, na nyuzi nyingine za viwandani ziliangusha soko la katani lililokuwa uti wa mgongo wa uchumi wa Korogwe, Muheza na Pangani.

Nailoni ina sifa mbili za kuheshimu. Inavutika: mshipi mzuri unaweza kurefuka kwa zaidi ya asilimia 20 kabla ya kukatika, hivyo unafyonza mshtuko wa samaki anayepiga ghafla. Pili, inafunga mafundo vizuri. Udhaifu wake ni jua, ambalo huikausha na kuifanya ikatike kirahisi, na maji, ambayo huyanywa kidogo na kupoteza sehemu ya nguvu. Kumbuka pia kwamba nguvu hukua kwa mraba wa kipenyo: milimita 0.40 ni karibu kilo 10, na milimita 0.80 ni takriban mara nne ya hapo.

Wa pili ni mshipi wa kusuka, uliotengenezwa kwa nyuzi nyingi nyembamba sana za polithini ya nguvu. Kwa unene ule ule unabeba mara mbili au zaidi ya nailoni, karibu hauvutiki kabisa, na unaelea. Kwa kuwa hauvutiki, unahisi chambo kinapoguswa hata kwenye kina cha mita 40. Wengi wanadhani nguvu hiyo itashinda meno. Kinyume chake ndicho kweli. Kila unyuzi ni mwembamba kuliko unywele, na ukiwa umekazwa meno huukata mmoja baada ya mwingine kwa urahisi kuliko nailoni nene. Mwamba nao unaumaliza haraka. Mshipi wa kusuka ni mshipi mkuu mzuri, lakini usiufunge moja kwa moja kwenye ndoana mahali penye meno wala mahali penye matumbawe.

Wa tatu ni florokaboni. Unafanana na nailoni kwa macho, ila ni mzito zaidi, unazama haraka, haunywi maji, na ngozi yake ni ngumu. Namna unavyopitisha mwanga iko karibu na maji kuliko nailoni, kwa hiyo samaki mwangalifu hauoni kirahisi. Kwa chewa na changu ni kipande cha mwisho kizuri mno, kwa sababu kinavumilia kusuguliwa. Ukiwa mnene, wa milimita 0.8 au 1.0, unaweza kuokoka mzia akikosea kulenga. Usiuite kinga, ni bahati iliyoongezwa kidogo.

Wa nne ni waya. Upo waya wa chuma cha pua wa uzi mmoja, ambao ni mwembamba, mkakamavu na wa bei nafuu. Unene wa milimita 0.4 unabeba karibu kilo 25. Ubaya wake ni kujikunja: ukishapata pindo kali usiunyooshe ukautumia tena, maana utakatikia hapo hapo. Upo pia waya wa nyuzi nyingi zilizosokotwa, mwingine ukiwa umevikwa plastiki. Huo ni laini, chambo kinatembea vizuri, lakini meno yakikata nyuzi moja moja unaanza kuchanua na lazima utupwe. Mwenye mfuko mdogo anaweza kufumua waya wa breki ya pikipiki. Kwa siku moja unafaa. Chumvi itaula kwa kutu, basi usiutunze kwa safari ya mwezi ujao.

Gharama ya waya

Kama waya unazuia meno, kwa nini tusifunge waya kila mahali? Kwa sababu waya nao una bei, na hiyo hailipwi kwa shilingi.

Chewa, changu na kolekole wakubwa wana macho. Katika maji meupe ya mchana, chambo kilichofungwa kwenye waya mkakamavu hakielei kama kinavyopaswa. Dagaa mzima au kipande cha ngisi kinachotegemewa kuyumba na mkondo kinabaki kimening'inia kwa ugumu. Samaki anakuja, anatazama, anaondoka. Mvuvi wa waya mrefu atashinda kutwa asipoteze ndoana hata moja, na jioni ndoo yake itakuwa tupu.

Ndiyo maana uamuzi wa mshipi ni biashara ya kupima: unapoteza samaki wangapi kwa meno, na wangapi kwa woga? Maji yakiwa na tope, kama mdomo wa Pangani baada ya mvua za masika, woga unapungua na waya hauna madhara makubwa. Usiku vivyo hivyo. Ukirambaza, yaani chambo kikiburutwa nyuma ya chombo kinachokwenda, nguru hana muda wa kukagua. Funga waya bila kusita. Ukiwa umetia nanga juu ya mwamba saa nne asubuhi, maji meupe, unamtaka chewa au changu, anza na florokaboni nene. Ukikatwa mara mbili mfululizo, umejua nani yuko chini. Hapo weka waya mfupi.

Neno mfupi ndilo la kushika. Meno ya nguru au mzia hayafiki mbali na ndoana, hivyo shubiri moja hadi moja na nusu ya waya inatosha kwa wavuvi wengi. Kwa kurambaza nguru wakubwa nenda sentimita 40 hivi. Papa ndiye anayehitaji mita na zaidi, kwa sababu akijizungusha, ngozi yake nayo inakwaruza mshipi. Anayefunga mita mbili za waya kwa ajili ya mzia wa kilo tatu anawafukuza wale aliowafuata.

Ipo pia njia ya kukwepa waya bila kukata tamaa. Ndoana ya shina refu inaweka chuma mahali ambapo nailoni ingekuwa mdomoni. Na ndoana iliyopinda kiduara, ambayo ncha yake inatazama ndani, humshika samaki kwenye pembe ya mdomo, nje ya msumeno wa meno. Ukiitumia usimshtue samaki kwa kuvuta kwa nguvu kama ulivyozoea. Acha aondoke nayo, kaza polepole, ndoana itajigeuza yenyewe. Haiondoi hatari yote, lakini mara nyingi inamleta mzia chomboni kwa nailoni tupu.

Kujenga mshipi wa kwenda Tanga

Tuseme umeshuka Ijumaa na umepata nafasi kwenye ngalawa ya Sahare au mashua ya Pangani. Ukiingia duka la vifaa, mazungumzo huwa hivi.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba mwanangu. Nikupe nini?”

“Mshipi wa nguvu kuliko yote.”

Mwenye duka akiwa mwaminifu atakuuliza swali moja: unakwenda kuvua wapi, na kwa namna gani? Uwe na jibu.

Kwa mshipi wa mkono, wa kukunjwa kwenye kibao, mshipi mkuu uwe nailoni ya milimita 0.80 hadi 1.0. Usitumie mshipi wa kusuka mikononi bila glovu. Samaki wa kilo 15 akikimbia utakukata vidole mpaka mfupa. Kwa fimbo yenye rili, mshipi wa kusuka wa kilo 20 hadi 25 unafaa kabisa.

Kisha weka kipande cha mwisho: mita moja na nusu hadi mbili za florokaboni au nailoni ya milimita 0.80, kwa ajili ya mwamba na msasa wa mdomo wa chewa. Kiunge na mshipi mkuu kwa kiungo cha chuma kinachozunguka, ili mshipi usijisokote. Chagua kiungo cheusi. Kinachong'aa kinafanana na dagaa anayemeta, na nguru wa pili anaweza kukirukia, akakata mshipi juu ya kinga yako yote.

Mwisho kabisa, kama ramani yako inasema kuna meno, ongeza shubiri ya waya kati ya kiungo kingine kidogo na ndoana. Waya wa uzi mmoja haufungwi fundo. Pitisha kwenye tundu la ndoana, kunja, kisha sokota nyuzi mbili zikipishana kwa usawa mara nne au tano, halafu zungushia ncha mara kadhaa kwa kubana juu ya uzi uliosimama. Usiikate ncha kwa koleo. Ipinde huku na huko mpaka ikatike yenyewe, ili isibaki kijiti kikali cha kukuchoma kiganja.

Mafundo ya nailoni na florokaboni yaloweshe kwa mate kabla ya kukaza. Msuguano wa kukaza unazaa joto, na joto linadhoofisha uzi pale pale utakapovutwa zaidi. Mshipi wa kusuka unateleza. Ukunje mara mbili kabla ya kufunga, na uache mkia wa nusu sentimita.

Mpangilio huu una mantiki ya kukatika. Panga udhaifu wako mwenyewe: pa kukatikia pawe kwenye fundo la kiungo au chini yake, si katikati ya mshipi mkuu. Ukinasa mwamba, utapoteza ndoana na kipande cha mwisho, si mita 60 za mshipi.

Kwa mto na bwawa, hesabu ni fupi. Vijito vya milimani vinataka nailoni ya milimita 0.20 hadi 0.25, maana perege na samaki wadogo wana midomo midogo na macho makali. Kambare wa Mkomazi anataka mshipi wa milimita 0.45 na kipande cha mwisho cha 0.60, bila chembe ya waya.

Baada ya kuvua

Mshipi hufa nyumbani mara nyingi kuliko majini. Ulioachwa juani juu ya bati la banda hautafika msimu ujao. Baada ya bahari, osha kwa maji baridi, kausha kivulini, tunza mahali pa giza. Kabla ya kila safari pitisha mita tatu za mwisho kati ya kucha mbili. Ukihisi ukwaruzo au kuona weupe, kata na ufunge upya. Baada ya kila samaki mwenye meno, fanya ukaguzi huo huo palepale chomboni; nailoni iliyochubuka nusu ndiyo inayompoteza samaki wa maana anayefuata.

Beba koleo refu. Kidole hakina kazi ndani ya kinywa cha mzia, hata akionekana amekufa. Ndoana ziwe za chuma cha kawaida kinachoshika kutu, si cha pua, ili samaki aliyekata na kuondoka nayo asiibebe maisha yake yote. Vipande vya nailoni ulivyokata rudi navyo nchi kavu. Kobe wa baharini na ndege hunaswa navyo, na plastiki hiyo inadumu majini miaka mingi baada ya mvuvi aliyeitupa kusahau.

Sheria nayo ni sehemu ya vifaa. Uvuvi nchini unasimamiwa na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na Kanuni za mwaka 2009, kwa hiyo uliza ofisi ya uvuvi ya wilaya kuhusu leseni kabla hujapanda chombo. Kisiwa cha Maziwe, mbele ya Pangani, ni eneo tengefu, na hairuhusiwi kuvua hapo. Kwenye pwani ya Tanga ipo Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, iliyotangazwa mwaka 2009 kwa ajili ya yule samaki wa kale ambaye wanasayansi walidhani ametoweka mpaka alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938. Ndani ya hifadhi hiyo fuata masharti ya wahifadhi, na kama silikanti atakuja kwenye ndoana yako, huyo si kitoweo.

Basi, ndugu msomaji, siku utakaposhuka milima hii na mshipi mfukoni, usiulize kwanza mshipi gani una nguvu. Uliza nani anaishi pale unapokwenda. Penye perege na kambare, okoa pesa ya waya ununue ndoana nzuri. Penye chewa peke yake, nunua unene. Penye nguru na mzia, funga shubiri moja ya chuma, na usizidishe.